Kumpelekea Mama Paka Wake Dodoma

Jamani, nimechoka. Nikienda bombani nasimamishwa. Nikipanga foleni dukani naulizwa. Hata kanisani Jumapili, wakati wa kupeana amani, mama mmoja alinishika mkono na badala ya kunitakia amani akaninong'oneza, "Hivi yule paka ilikuwaje?" Ni kweli mlinisindikiza nikiwa na tenga lenye paka, wengine mkaniombea kabisa, halafu mkaniona nashuka na tenga lilelile na paka yuleyule, tena amenenepa. Sasa mnasema nilikwenda kumtembeza. Kwa kuwa cherehani yangu imelala kwa kukosa uzi, na mikono haijazoea kukaa bure, nimeamua kuandika yote mara moja, mpitishiane. Habari za mama zitafika kwa zamu yake. Anayetaka kurukia mwisho aruke, ila asije kuniuliza ya katikati.

Kwa wasiojua, paka ni wa mama yangu, wa kule Mutuka. Anaitwa Balozi kwa sababu kila jioni alikuwa anazungukia nyumba kumi za jirani kuona nani kapika nini. Kaka yangu Damiano, ambaye ni ofisa Dodoma na hakuna asiyeambiwa hivyo, alikuja kumchukua mama akatibiwe kifua. Kifua kikapona, mama hakurudi. Balozi akabaki kwangu hapa Maisaka, Babati.

Ndipo siku moja akaja mlangoni Salimu, mtu wa Kondoa anayeendesha lori kati ya Dodoma na huku kwetu. Hakutaka hata kukaa.

"Mama Regina, nimetumwa na kaka yako. Bibi hali chakula. Amelala anatazama ukuta, anamtaka paka wake. Kaka yako anasema umlete upesi, ama sivyo utakuja kuzika."

Nilishika mlango. Mama yangu si mtu wa kukataa chakula. Huyu ni mtu aliyekuwa anakula makande ya jana asubuhi na kulalamika kwamba yamebaki machache. Nikajua mambo yameharibika.

Kutoka jikoni hadi ndani ya tenga

Barabara ya Dodoma ni ndefu, lakini hatua iliyonichukua muda kuliko zote ni hii, kutoka mafiga yangu hadi ndani ya tenga lililokuwa kando ya mafiga hayohayo.

Kosa la kwanza lilikuwa kusikiliza watu. Mama Sikukuu, jirani yangu, ana maoni juu ya kila kitu, na juu ya paka ana maoni mawili. "Mtie guniani," akasema, "kisha mzungushe zunguzungu, asijue njia ya kurudi. Ndivyo paka anavyohamishwa tangu enzi za babu." Tukamtia guniani. Balozi hakukubaliana na babu yeyote. Alitoka kwa kupitia mkono wangu, alama mnaziona mpaka leo, akapita kwenye nywele za Mama Sikukuu, akaingia chini ya ghala la mahindi na huko akakaa. Kila nikimwita alinijibu kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mama Sikukuu alisema nilimzungusha vibaya.

Salimu naye akaleta sharti. "Paka nitambeba," akasema, "lakini asilie. Siku hizi spea hakuna, gari hili naliendesha kwa masikio. Nikisikia mlio nyuma lazima nisimame nitazame breki. Nikisimama kwa ajili ya breki nikakuta ni paka, nitawaacha wote wawili porini." Akasema ataondoka tena akipata mzigo na dizeli, yaani hakuna aliyejua lini.

Basi nikaacha kusikiliza watu, nikamsikiliza paka. Nilichukua tenga la kubebea kuku, nikalisugua kwa majivu kwa kuwa sabuni tulikuwa tunaisikia redioni tu, nikaliweka jikoni kifuniko kikiwa wazi, nikajifanya sina habari nalo. Ndani nikatandika khanga kuukuu ya mama, ile aliyoiacha kwenye kamba, bado ina harufu ya moshi wa nyumba yake. Balozi alipotoka ghalani alilizunguka tenga kwa mbali. Nikaweka kichwa cha perege wa ziwani karibu na mlango wake. Akala. Kesho yake nikakiweka mlangoni hasa, na kesho yake tena nikakisukuma hadi ndani, juu ya khanga. Alisimama kwa muda akitafakari kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuelezwa sababu. Kisha akaingia.

Sikufunga. Hapo ndipo wengi mngeharibu, mngefunga pu! mkashangilia. Mimi nilimwacha ale, atoke, aingie, mpaka akaanza kulala humo mchana bila kuombwa. Ndipo nikaanza kushusha kifuniko kidogo na kukifungua kabla hajanung'unika. Nikishusha, nampa kipande cha samaki kupitia tundu. Baadaye nikafunga kwa kamba, nikalinyanyua tenga, nikaliweka chini. Nikalibeba hadi mlangoni na kurudi, hadi kwa Mama Sikukuu na kurudi, hadi stendi nikakaa naye karibu na magari yakiunguruma, khanga nyingine nimefunika juu asione fujo ya dunia. Mlinicheka. Mliniita mama wa paka. Mume wangu alisema kama ningemlea yeye hivyo angekuwa mbunge.

Nilipokuwa napita na tenga nilikuwa nasimama kila mlango kueleza nilivyofanya, nakiri. Lakini Salimu alipopata dizeli na kuja kupiga honi, Balozi aliingia mwenyewe tengani, akazunguka, akajikunja juu ya khanga ya mama. Ningekuwa na medali ningejivika.

Maisaka hadi Bonga

Lori lilikuwa limejaa magunia ya mahindi, na juu ya magunia abiria, kama kawaida. Mabasi tulikuwa tumeshayasahau sura. Nilipanda na tenga langu, nikalikumbatia, nikakaa karibu na bwana mmoja mwenye suti ya Kaunda na mkoba wa ngozi. Jina sikuliuliza na yeye hakulitoa. Nitamwita Bwana Mkoba.

Tulipofika Bonga akapanda mama mnene mchangamfu, anaitwa Mama Anjela, na kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha. Alisalimia kila mtu, akatazama tenga langu, akatazama nilivyolishika, akatazama khanga niliyofunika juu. Kisha akasogea.

"Umebeba nini, mama?"

"Paka."

"Paka," akasema, na akatabasamu taratibu. "Sawa, mama. Paka."

Lori likarukia shimo. Magunia yakaruka, sisi tukaruka, kuku wa mtu akapiga kelele. Ndani ya tenga, kimya. Likaruka tena. Kimya. Moyoni nilikuwa najipongeza, kumbe mafanikio yangu ndiyo yanaanza kunitesa. Paka gani anarushwa namna ile asiseme hata nyau? Bwana Mkoba aliligusa tenga kwa goti, kidogo, kupima uzito.

"Paka mzito," akasema.

"Ni mzito," nikasema.

Akainama sikioni pangu. "Dada yangu, mimi ni mtu mzima. Mke wangu amejifungua. Uji wa mzazi bila sukari ni adhabu. Hata nusu kilo tu, tutaelewana."

Ndipo nikaelewa. Wenzangu wote juu ya magunia yale walikuwa wamekaa mkao wa kula. Enzi hizi mtu akifunika kitu kwa khanga na kukikumbatia hivyo, basi ni sukari, au ni sabuni, au ni mafuta ya kula, na akisema ni kitu kingine ndiyo imethibitika. Nikawaambia tena ni paka, nikaapa. Wakaniangalia kwa heshima kubwa zaidi. Mama Anjela akaniambia kwamba yeye ana shemeji Dodoma ambaye naye "ana paka" wa namna hiyo, wakacheka wote, nikabaki nimekodoa macho.

Mngeniuliza kwa nini sikufungua wakaona. Nilikuwa nimeapa kutofungua njiani kabisa. Paka akitoka barabarani penye watu hawa na kelele hizi, nitamwambia nini mama aliyelala anatazama ukuta?

Bonga hadi kizuizini

Sijawahi kupendwa namna hii maishani. Tulivyokuwa tunapanda milima kuelekea Bereko, Mama Anjela alinilisha viazi kwa mkono wake, akanichagulia vile vyenye rangi ya manjano. Mzee mmoja alinivulia koti nikalie. Kijana aliyeketi mahali pazuri penye kivuli cha turubai akaniita mama, akanipisha. Salimu alisimama kumwagia rejeta maji, akaja nyuma kuniuliza kama nimekaa vizuri, tena kwa sauti ya upole ambayo hakuwa nayo Maisaka, na huyu alijua kabisa ni paka! Nadhani alikuwa ameanza kuwa na mashaka.

Nilikula viazi vyote. Nasema mapema ili mtu asije kuniambia. Nilikuwa nimewaambia ukweli kwa Kiswahili cha kueleweka, na kama ukweli unamfanya mtu akupe kiazi, wewe utafanya nini?

Bwana Mkoba peke yake aliacha kunipenda. Alirudi mara ya pili, nikamwambia paka. Mara ya tatu akaja na suala la uzalendo, kwamba watu wanaoficha bidhaa ndio wanaoiangamiza nchi, lakini kwa nusu kilo angeweza kusamehe. Nikamwambia paka. Akakumbatia mkoba wake, na tulipofika kizuizini karibu na Kolo alikuwa wa kwanza kushuka.

Nilimwona akiongea na mgambo pembeni, analionyesha tenga langu kwa kidevu.

Mgambo alikuwa mmoja, na bunduki ya zamani, na viatu ambavyo havikuwa pacha. Alikuja akiwa ameshapandisha mabega.

"Wewe mama! Shusha hilo tenga."

Nikashuka nalo. "Shikamoo, afande," nikasema, ingawa ningeweza kumzaa.

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Paka."

"Jina?"

"La kwangu au la paka?"

"La paka!" Alifoka kwa sababu watu walikuwa wameanza kucheka.

"Balozi."

Hapo nilikosea. Alidhani nafanya dhihaka na uongozi wa nchi. Nikamsihi, nikamwambia ndugu yangu, fungua polepole, weka tenga chini kwanza, mwache atoke mwenyewe, huyu mnyama amefundishwa. Kusikia amefundishwa, uso ukamkauka kabisa. Akakata kamba kwa kisu, akang'oa kifuniko, akatia mkono mzima ndani hadi begani, huku anasema kwa sauti ili umati usikie, "Leo tutaona sukari inavyo..."

Hakumaliza. Balozi alipita juu ya mkono ule, juu ya kofia, akatua mgongoni kwa Bwana Mkoba, akapotea kwenye vichaka kando ya barabara.

Kisha Mama Anjela akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Ni paka kweli."

Naapa nyuso zile sitazisahau. Hakuna aliyefurahi kwamba nilisema kweli. Yule mzee akaja kuchukua koti lake. Mama Anjela akanigeukia, macho yamemtoka. "Umetudanganya!"

"Nimekwambia ni paka tangu Bonga."

"Ndiyo, lakini ulisema kama mtu mwenye sukari. Ningejua ni paka wa kweli nisingekupa viazi."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimwona mama kitandani, nikamwona kaka amesimama mlangoni akiniuliza yuko wapi, na mimi nimeshika tenga tupu, nasema alikuwa humu. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote wale na sikujali. Vijana wakaanza kukimbilia vichakani na mawe na fimbo kunisaidia, kila mtu anapiga miluzi, kila mtu ni mtaalamu wa paka.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Anayemkimbiza nitamlaani mimi na mama yangu!"

Wakasimama. Laana ya mama mzazi watu wanaiogopa hata kama mama hawamjui.

Nikaliweka tenga chini ukingoni mwa barabara, ubavu chini, mlango ukitazama vichaka. Nikatandaza khanga ya mama vizuri ndani. Nilikuwa na samaki mkavu kwenye kitambaa. Nikamvunja, nikaweka juu ya khanga. Kisha nikaenda mbali kidogo, nikakaa chini, nikageuza mgongo kama nilivyokuwa nafanya jikoni. Nikawaambia wote wakae na wasimtazame.

"Barabara ya serikali haisubiri paka," mgambo akasema.

"Serikali ndiyo imemtoa," nikamjibu. "Ikae isubiri."

Salimu, Mungu ambariki, akazima injini. Alisema rejeta inachemka, ingawa alikuwa ametoka kuimwagia maji. Tukakaa. Mngetuona mngesema tuko kwenye ibada. Abiria wote wameketi vumbini wanatazama upande mwingine, mgambo naye kachuchumaa kashika bunduki, anatazama viatu vyake. Jua likapanda. Lori jingine likaja nyuma yetu, dereva akataka kupiga honi, mgambo mwenyewe akakimbia kumzuia, kidole mdomoni.

Nilisikia kabla sijaona: samaki akitafunwa. Sikugeuka. Nilingoja mpaka kutafuna kuishe, mpaka nisikie khanga ikikwaruzwa, ile sauti anayofanya akizunguka kabla ya kulala. Ndipo nikaenda taratibu, nikamwambia maneno yake ya kila siku, nikarudisha kifuniko, nikafunga kwa kipande cha kamba kilichobaki. Alikuwa amejikunja kama yuko Maisaka.

Umati ulipiga makofi. Mgambo aliniomba nimweleze nimefanyaje, kwa sababu nyumbani ana mbuzi anayemsumbua. Nikamweleza, kwa kirefu. Kisha akakumbuka kazi yake, na kwa kuwa hakutaka siku ipotee bure, akaomba kuona mkoba wa Bwana Mkoba. Ulikuwa na sabuni za mche zimepangwa hadi juu. Tulimwacha pale akieleza uzalendo.

Kondoa, tulipokwama

Kondoa tulikuwa tupite tu. Tulikaa, kwa sababu dizeli iliyokuwa imeahidiwa ilikuwa imeahidiwa na watu wengine pia. Kila asubuhi Salimu alikwenda kuulizia, akarudi akisema "leo mchana", na mchana alisema "kesho".

Niliomba chumba kwenye gesti moja. Mwenye gesti alinipa kanuni zake: shuka uje nayo, sabuni uje nayo, mafuta ya taa uje nayo, wanyama hawaruhusiwi. Nikamuuliza yeye anatoa nini. Akasema ukuta. Salimu alinionea huruma, akanipeleka kwa shangazi yake, Bi Zuhura, mwanamke mwembamba wa Kirangi aliyemwona Balozi akasahau kunikaribisha mimi. Paka alipewa maziwa kwenye kibakuli cha udongo kabla mgeni hajapewa kiti. Niliposema kwetu paka hapewi kwanza, akasema, "Wewe unaweza kuomba. Yeye hawezi." Mimi nilipata ugali na mlenda, na wala sikulalamika.

Kila siku niliwaza habari za Dodoma. Nilihesabu kichwani, mtu mzee asiyekula anachukua muda gani, halafu nikajikataza kuhesabu. Bi Zuhura aliniona nimekaa na tenga mapajani natazama barabara, akaniuliza mama yangu ana watoto wangapi. Nikamwambia wawili, mimi na mwenye cheo. "Na gari mwenye cheo anayo?" Nikasema ya ofisi anayo. "Basi kwa nini paka anakuja kwa lori?" Nikamwambia mafuta hakuna. Alinitazama, akachukua kibakuli cha paka, akaenda kukiosha.

Kondoa hadi Dodoma

Hatua hii ni fupi kusimulia. Dizeli ilipatikana, msiniulize wapi, na Mama Anjela tulikuwa naye bado. Alikuwa ameninunia siku zote za Kondoa, lakini tulipopita Haneti, vumbi limetufanya wote rangi moja, akaniuliza kama paka amekula. Nikasema amekula. Akatoa kiazi kimoja. Nilipotaka kukipokea akasema, "Si chako."

Balozi hakula kiazi, lakini alikinusa kwa adabu. Dodoma ikaonekana na majabali yake, upepo umejaa mchanga.

Sebuleni kwa kaka

Nyumba ya kaka ni ya serikali, na gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa mlangoni, limeoshwa likang'aa. Wifi yangu alinipokea kwa sauti ya chini ya nyumba yenye mgonjwa. Kaka alitoka chumbani akiwa ameshafunga tai.

"Umechelewa sana, dada," akasema. "Hajala. Tumembembeleza, tumemwita daktari. Haya, mtoe huyo mnyama."

Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, uso ukutani, shuka hadi sikioni. Nikaweka tenga sakafuni. Kaka akashika kifuniko akitaka kulipindua, paka amwagike kama mahindi. Nikampiga kofi mkononi, ofisa mzima, na wifi akaangalia pembeni kwa furaha. Nikafungua mwenyewe, nikakaa mbali, nikangoja. Balozi akatoa kichwa, akanusa saruji, akanusa viatu vya kaka na kuvidharau. Kisha akaenda moja kwa moja akapanda kitandani, akakanyaga ubavu wa mama.

Mama hakugeuka mara moja. Mkono ukatoka ndani ya shuka, ukamshika mgongo.

"Amekonda," akasema, ingawa mnamwona alivyo. Halafu akasema, "Nina njaa."

Nililia, sifichi. Wifi akasonga ugali mbiombio, mama akala ugali wote na maziwa ya mgando, akaomba uongezwe. Kaka alisimama akitazama, mikono mifukoni. "Nilisema mimi," akatangaza. "Dawa yake ni paka." Akatoka kwenda kazini, na nilimsikia njiani akiwaeleza majirani jinsi alivyoagiza paka kutoka Babati. Wifi naye akachukua kikapu, akakimbilia foleni.

Mlango ulipofungwa, mama akaketi. Si kwa shida, jamani. Aliketi kama msichana, akateremsha miguu, akafunga kilemba.

"Wamekwenda?"

"Wamekwenda. Mama, lala, bado huna nguvu."

"Nguvu ninazo. Kila siku wakienda kwenye foleni mimi naingia jikoni. Nyumba hii wanashinda kwenye foleni, mtu ana muda wa kupika hata pilau." Akambeba Balozi, akaanza kumtazama masikio kama ana kupe. "Mwanangu, hapa mimi ni nusu kilo ya sukari. Mjumbe akija kuhesabu watu wa nyumba kwa ajili ya mgao, naamshwa, nakalishwa sebuleni anione. Akiondoka narudishwa huku. Shamba langu la Mutuka nani anapalilia?"

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimekuja na hadithi yangu yote tayari, ya tenga, ya khanga, ya samaki, ya mgambo, na nikaona haina pa kuingilia.

"Sasa kwa nini hukusema tu kwamba unataka kurudi?"

"Nilisema. Wakati wa masika nilimtuma Salimu. Alikukuta kwenye cherehani. Alikwambia mama amewakumbuka, anataka mje kumchukua. Ulimjibu nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimeuma uzi mdomoni. Nilimwambia amwambie mama magari ni shida, avumilie.

"Ndiyo maana nikamwagiza paka," mama akasema. "Mimi nimekuzaa, nakujua. Kwa mama yako mafuta hakuna. Ukipata jambo la kuwasimulia watu, utafika hata kwa miguu."

Nilizichukua khanga zake kwenye kamba, nikaanza kuzikunja kwa safari ya kurudi naye Mutuka.